Baada ya shambulio la moyo, damu ipi ipimwe kwanza? Ulinganisho wa vipimo vinavyoonyesha nani yuko hatarini kufa wodini

Hospitali nyingi za wilaya na mikoa, Tanzania na Kenya, zinaweza kupima kreatinini (taka inayoonyesha figo zinachujaje), sukari, chumvi za damu na picha kamili ya damu siku yoyote, ilimradi vitendanishi vipo na mashine inafanya kazi. Troponini baadhi wanayo, mara nyingi ile ya kitepe inayojibu ipo au haipo. Laktati, inayopanda viungo vikikosa damu, utaikuta penye ICU (wodi ya wagonjwa mahututi). NT-proBNP, homoni ya moyo uliolemewa, ni ya hospitali kubwa na maabara chache za binafsi, na aghalabu ndugu ndiye anayetoa hela mfukoni.

Kwa hiyo daktari wa zamu aliyepokea mgonjwa wa shambulio la moyo hachagui kutoka orodha ndefu. Ana vipimo vitatu vinne, ana usiku mmoja wa kuamua nani alazwe karibu na meza ya wauguzi na nani apewe rufaa kabla hakujakucha, na nje kuna mtoto wa mgonjwa anayeuliza kama kipimo hiki cha kulipia kina haja. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wote wawili.

Msimamo wangu ni huu. Ukishajua kwamba ni shambulio la moyo, na sasa unauliza nani anaweza kufia hapa hospitali, kreatinini na sukari zina faida kuliko kurudia troponini. Mgonjwa akiwa na mikono ya baridi na presha inashuka, laktati inazipita zote. Na hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachosomwa peke yake bila presha, mapigo na mapafu.

Troponini: bingwa wa swali jingine

Troponini ni protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo. Seli za moyo zikifa, inavuja kwenye damu. Ndiyo maana ni kipimo bora kabisa cha kujibu swali la kama moyo umeumia. Tatizo linaanza pale tunapoitaka ijibu na swali la pili, la nani atapona.

Si kwamba haina la kusema. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,404 wenye maumivu ya kifua ya moyo, na waliokuwa na troponini I ya 0.4 nanogramu kwa mililita au zaidi walikufa kwa asilimia 3.7 ndani ya siku 42, dhidi ya asilimia 1.0 kwa wale waliokuwa chini ya hapo. Kadiri ilivyopanda ndivyo vifo vilivyoongezeka. Hilo halina ubishi.

Lakini namba ya kitandani inategemea mno saa. Mtu aliyefika dakika arobaini baada ya kifua kubana anaweza kuwa na troponini ya chini huku mshipa mkubwa wa moyo umeziba kabisa. Mwingine aliyekaa nyumbani siku mbili akinywa dawa za vidonda vya tumbo atafika na namba ya kutisha, ilhali hatari kubwa ya saa za mwanzo ameshaivuka. Mwenye figo mbovu anaweza kuishi na troponini ya juu muda wote. Maambukizi makali ya damu, donge la damu kwenye mapafu na uvimbe wa misuli ya moyo navyo huipandisha. Na kitepe cha ndiyo au hapana hakikupi kiwango chochote cha kulinganisha.

Basi troponini ipimwe kwa ajili ya kugundua, na irudiwe baada ya saa kadhaa ikiwa ya kwanza haikueleweka. Ikishathibitisha, hela ya kuirudia kila asubuhi ielekezwe kwingine. Na jambo moja lisisahaulike hata kidogo: ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ikionyesha sehemu yake iitwayo ST imeinuka kwa namna ya shambulio, hakuna kusubiri troponini. Pale ambapo mgonjwa hawezi kufunguliwa mshipa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa hadi moyoni) ndani ya dakika 120, mwongozo wa Ulaya unataka dawa ya kuyeyusha donge ianze ndani ya dakika 10 tangu utambuzi. Damu itapimwa huku dawa inaingia.

Kreatinini: wagonjwa wawili wenye troponini sawa

Njia nzuri ya kuona uzito wa kila kipimo ni kuzifungua alama za GRACE. Hizi zilichapishwa mwaka 2003 kutokana na wagonjwa 11,389, na zina vitu vinane: umri, namba ya juu ya presha, mapigo, kreatinini, daraja la Killip (yaani moyo umeshindwa kwa kiasi gani), moyo kusimama wakati wa kupokelewa, mabadiliko ya ST kwenye ECG, na troponini au kimeng'enya cha moyo kuwa juu. Kila kimoja kina pointi zake, unajumlisha, unapata makadirio ya kifo akiwa hospitali.

Sasa tuweke watu wawili wa mfano, wote wana miaka 64, wote ST imebadilika, wote troponini imerudi mara thelathini ya kiwango cha kawaida.

Wa kwanza ana presha 138 kwa namba ya juu, mapigo 76, mapafu safi, kreatinini mikromoli 80 kwa lita. Umri unampa 58, presha 34, mapigo 9, Killip sifuri, kreatinini 7, ST 28, troponini 14. Jumla 150. Kwenye jedwali la 2003 hiyo ni hatari ya asilimia 3.9.

Wa pili ana presha 104, mapigo 112, sauti za maji zinasikika chini ya mapafu, kreatinini 186. Umri 58, presha 43, mapigo 24, Killip 20, kreatinini 21, ST 28, troponini 14. Jumla 208. Hapo jedwali linasema kati ya asilimia 18 na 23. Mmoja kati ya watano, takriban.

Tazama troponini imefanya nini: imetoa pointi 14 kwa kila mmoja na kunyamaza. GRACE haijali kama imepanda mara tatu au mara mia tatu. Tofauti yote ya pointi 58 kati ya hawa wawili imetoka kwenye presha, mapigo, mapafu na kreatinini. Kreatinini peke yake imewatenganisha kwa pointi 14, sawa na thamani yote ya troponini, na inaweza kufika 28.

Kwa nini figo ziseme mengi hivyo kuhusu moyo? Kwanza, kreatinini ya juu ni historia ya mtu: miaka ya presha na kisukari ambayo imechosha mishipa kila mahali. Pili, ni taarifa ya sasa hivi, kwa sababu moyo ukishindwa kusukuma, figo ni miongoni mwa viungo vinavyokosa damu mapema. Tatu, inabadilisha matibabu. Enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida hutolewa mara mbili kwa siku. Uwezo wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, inatolewa mara moja. Asiyepima kreatinini anaweza kumfanya mgonjwa wake atokwe na damu bila kujua.

Ina mapungufu mawili. Huchelewa kupanda, kwa hiyo ya saa ya kwanza inaweza kuwa njema na ya kesho yake ikawa mbaya. Irudiwe baada ya saa 24. Pia hutegemea misuli. Bibi wa kilo 42 mwenye kreatinini ya 95 anaweza kuwa na figo dhaifu kuliko kijana wa kubeba mizigo mwenye 115. Hesabu ya uwezo wa figo ifanyike kila mara, namba tupu isitazamwe peke yake.

Na kuna mtego wa vipimio unaonikera kweli, kwa sababu unaepukika. Maabara moja inaandika 186, nyingine inaandika 2.1, na ni kitu kile kile: ya kwanza ni mikromoli kwa lita, ya pili ni miligramu kwa desilita, na unazidisha kwa 88.4 kutoka ya pili kwenda ya kwanza. Vikokotoo vya GRACE kwenye simu vinauliza kipimio. Ukigonga kisicho chako, mtu wa hatari kubwa anageuka kuwa salama kwenye kioo.

Sukari: kipimo cha kidoleni kinachodharauliwa

Mwaka 2000 watafiti walikusanya tafiti 15 za wagonjwa wa shambulio la moyo na kuangalia sukari walipopokelewa. Kwa wasiokuwa na kisukari, sukari iliyovuka kiwango cha kati ya 6.1 na 8.0 milimoli kwa lita, kutegemea utafiti, iliambatana na hatari ya kufa karibu mara nne. Kwa wenye kisukari, ilibidi ivuke kati ya 10 na 11 ndipo hatari iongezeke, nayo iliongezeka kwa mara 1.7.

Wengi wanalisoma hili kinyume. Wakiona 9.5 kwa mtu mwenye kisukari wanashtuka, wakiona 9.5 kwa asiye nacho wanasema ni hofu ya hospitali tu. Kumbe huyo wa pili ndiye wa kusogezewa karibu. Mwili wake umemwaga homoni za dharura kwa wingi kwa sababu moyo umepata pigo kubwa, na sukari ndiyo alama inayoonekana. Ama anaweza kuwa na kisukari ambacho hakuna aliyewahi kukipima, na hilo HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita) itasaidia kulitatua baadaye, kwa tahadhari kwa wenye selimundu au wanaopoteza chembe nyekundu haraka, kwani hapo HbA1c hudanganya.

Jinsi ya kuchukua sampuli ina maana. Mgonjwa mwenye presha ya chini na vidole vya baridi, tone la kidoleni si la kuaminika, maana damu haifiki vizuri hapo. Chukua ya mshipani.

Kujua hatari si ruhusa ya kuiangusha sukari kwa nguvu. Utafiti mkubwa wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009, wa wagonjwa zaidi ya 6,000 wa ICU kwa ujumla, ulikuta walioshushwa hadi kati ya 4.5 na 6.0 walikufa zaidi ndani ya siku 90, asilimia 27.5, kuliko walioachwa chini ya 10, asilimia 24.9. Sukari ya juu ikuonye kuhusu mgonjwa, nayo itibiwe kwa upole ikivuka 10 au 11.

Laktati: mgonjwa akianza kupoa

Viungo vikikosa damu ya kutosha, seli huzalisha nguvu bila oksijeni na laktati hujaa. Juu ya milimoli 2 kwa lita, uliza kwa nini. Alama za IABP-SHOCK II, zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa ambao moyo umeshindwa kabisa kusukuma, zinatumia laktati zaidi ya 5, sukari zaidi ya 10.6, kreatinini zaidi ya mikromoli 132.6, umri zaidi ya miaka 73, kiharusi cha zamani, na mtiririko wa damu usioridhisha baada ya kufungua mshipa. Laktati ina pointi 2. Sukari na kreatinini moja moja.

Faida yake kubwa ni kwamba inakwenda na wakati. Mgonjwa aliyekuwa na 5 saa mbili usiku, akawa na 2.5 saa sita baadaye, matibabu yanafanya kazi. Aliyetoka 3 akafika 6 anahitaji simu ya rufaa sasa hivi, hata kama presha bado inasomeka 100. Troponini haiwezi kukwambia hivyo. Itaendelea kupanda na kushuka kwa ratiba yake.

Ni kipimo chepesi kuharibika, na hapa mtoa damu ndiye mwenye uamuzi. Ukimfunga mgonjwa mpira mkononi kwa muda mrefu na kumwambia akunje ngumi mara nyingi, umejitengenezea laktati mwenyewe. Ukiweka damu kwenye chupa ya kawaida na kuiacha dirishani, chembe zinaendelea kula sukari ndani ya chupa: laktati inapanda, sukari inashuka, na majibu yote mawili yanaharibika kwa pamoja. Tumia chupa ya kifuniko cha kijivu, ambayo ina floridi, iende maabara mara moja, ikiwezekana kwenye barafu. Damu ya mshipa wa vena husoma juu kidogo kuliko ya ateri, basi ulinganishe vena na vena. Na kama adrenalini inaingia kwa dripu, sehemu ya kupanda inaweza kuwa ni ya dawa.

Kwa mgonjwa mwenye mikono yenye joto la kawaida, presha nzuri na mapafu safi, laktati haina haraka.

Potasiamu na wingi wa damu

Potasiamu haiko kwenye GRACE, lakini nisingelaza mgonjwa wa moyo bila kuijua. Kwa miaka mingi iliaminika ishikiliwe kati ya 4.0 na 5.0 milimoli kwa lita. Mwaka 2012 uchambuzi wa wagonjwa 38,689 wa Marekani ukaonyesha vifo vichache vilikuwa kati ya 3.5 na 4.5, vikizunguka asilimia 5, na kwa wale wa 4.5 hadi chini ya 5.0 vilifika asilimia 10. Uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali hauthibitishi kwamba potasiamu yenyewe ndiyo iliyoua, ila unatosha kutuzuia kumimina potasiamu kwa mtu mwenye 4.1. Sampuli iliyovunjika chembe hutoa potasiamu ya juu ya uongo. Fundi wa maabara akiandika hivyo, rudia kabla ya kutibu.

Hemoglobini nayo husema. Mwaka 2005 uchambuzi wa wagonjwa karibu 40,000 ulionyesha kwamba kwa wenye ST iliyoinuka vifo vya moyo viliongezeka kadiri hemoglobini ilivyoshuka chini ya gramu 14 kwa desilita, na vikaongezeka tena ikizidi 17. Kwetu, ambako upungufu wa damu ni jambo la kila siku kwa sababu ya madini ya chuma, malaria, minyoo au selimundu, hili lina uzito wa pekee. Kuhusu kuongeza damu, utafiti wa MINT wa 2023 uliwagawa wagonjwa 3,504: walioongezewa pale tu iliposhuka chini ya 7 au 8 walipata kifo au shambulio jipya ndani ya siku 30 kwa asilimia 16.9, na waliotunzwa juu ya 10 kwa asilimia 14.5. Tofauti haikufika kiwango cha uhakika cha kitakwimu, ila inanielekeza kutokuwa bahili wa damu kwa mgonjwa wa moyo mwenye 7.5, pale damu inapopatikana. Hemoglobini ikishuka ghafla baada ya heparini (nayo huzuia damu kuganda), tafuta anatokwa damu wapi.

Uwiano wa neutrofili na limfosaiti: tahadhari kwa wasomaji wa Afrika

Hiki ndicho kipimo kinachopendwa sana na makala za karibuni, kwa sababu ni cha bure: kimo tayari kwenye picha kamili ya damu. Unagawanya neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe. Mwenye neutrofili 8.4 na limfosaiti 1.2 ana 7. Uwiano mkubwa unaashiria mwili uliopata mshtuko mkubwa, na tafiti nyingi, hasa za Uturuki na China, zimeuhusisha na vifo.

Shida ni kuazima mipaka yao. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, jambo linalowakinga na malaria ya vivax, na watu hao hao huwa na neutrofili chache kwenye damu bila ugonjwa wowote. Mpaka uliochorwa Istanbul ukiwekwa kwa mgonjwa wa Mtwara unaweza kumwita salama mtu ambaye kwa kiwango chake yuko juu sana. Kwa kuwa hospitali chache zimeweka mipaka yake, nautumia uwiano huu kwa kumlinganisha mgonjwa na nafsi yake, jana na leo, na siutumii kumpanga daraja. Tofauti ya ukubwa wa chembe nyekundu, ile RDW, ina tatizo la namna hiyo: upungufu wa chuma na selimundu huipandisha bila moyo kuhusika.

CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, naiweka kando kabisa kwa uamuzi wa usiku wa kwanza. Malaria, kifua kikuu na kidonda cha mguu vyote huipandisha.

NT-proBNP: nzuri, ila uliza itabadilisha nini

Moyo ukivutwa na shinikizo hutoa homoni hii, na utafiti wa mwaka 2001 wa wagonjwa 2,525 ulionyesha kwamba BNP, pacha wake, ya siku za mwanzo ilitabiri vifo hata kwa wale ambao hawakuwa na dalili za moyo kushindwa. Hapo ndipo ilipo thamani yake: inamuona mgonjwa ambaye masikio ya daktari hayajamsikia. Umri na figo mbovu huipandisha, unene huishusha.

Kama mapafu tayari yanakoroma na miguu imevimba, haikuambii jipya. Hela hiyo ni bora iende kwenye ultrasaundi ya moyo, itakayoonyesha jinsi moyo unavyosukuma na kama kuna valvu au ukuta uliopasuka.

Alama zenye damu na zisizo na damu

Umeme ukikatika na maabara ikasimama, bado una njia. Mwaka 1967 Thomas Killip na John Kimball walipanga wagonjwa 250 wa New York kwa kuwasikiliza na kuwatazama tu. Mapafu safi: asilimia 6 walikufa. Maji kiasi: 17. Mapafu yamejaa: 38. Shoku, yaani moyo umeshindwa kabisa kusukuma: 81. Matibabu yamebadilika tangu hapo, lakini mpangilio haujabadilika, na ndiyo maana daraja la nne la Killip lina pointi 59 kwenye GRACE, zaidi ya mara mbili ya kreatinini mbaya kuliko zote.

Alama za TIMI za ST iliyoinuka, za mwaka 2000, nazo hazihitaji hata tone la damu: umri, kisukari au presha au historia ya kifua kubana, presha chini ya 100, mapigo zaidi ya 100, Killip, uzito chini ya kilo 67, eneo la shambulio na kuchelewa zaidi ya saa 4. Mwenye sifuri alikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 30 ya asilimia 0.8, mwenye zaidi ya 8, asilimia 35.9. Kituo kisicho na maabara usiku kitumie hii bila kuona haya.

Upande wa pili kuna alama za CLIP kwa wagonjwa wa shoku, ambazo ni damu tupu: sistatini C (ya figo), laktati, intaleukini-6 (ya uvimbe mwilini) na NT-proBNP. Katika kundi la kuzitengeneza zilifanya vizuri kuliko IABP-SHOCK II. Ni kazi nzuri, lakini hospitali ikiweza kupima intaleukini-6 usiku wa manane, huenda ina na chumba cha katheta, na mgonjwa wa shoku kwanza afunguliwe mshipa.

Kuna pia programu za kompyuta zinazomeza vipimo ishirini na kutoa asilimia. Nyingi zimefundishwa kwa data za MIMIC, zilizotoka hospitali moja ya Boston. Hadi zijaribiwe kwa wagonjwa wetu, sizichagui.

GRACE yenyewe ilipatikana kutoka nchi 14, hakuna hata moja ya Afrika. Uwezo wake wa kupanga watu ni mzuri: ukichukua aliyekufa na aliyepona, humweka aliyekufa juu katika jozi 83 kati ya 100. Ila asilimia zake ni za hospitali zenye katheta na dawa zote. Katika utafiti wa hospitali ya rufaa kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa 2020, kati ya wagonjwa 681 waliofika dharura na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, 152 walikuwa na shambulio la moyo, wachache sana walipewa aspirini, na zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamefariki ndani ya siku 30. Kwa hiyo nitumie GRACE kujua nani awe wa kwanza, wala nisimwambie mke wa mgonjwa kwamba mumewe ana asilimia 3.9.

Basi uchague nini

Kituo cha afya chenye glukometa na mashine ya presha: sukari, Killip na TIMI. Mwenye mapigo zaidi ya 100, presha chini ya 100 au maji kwenye mapafu aondoke na gari la wagonjwa akiwa ameshatafuna aspirini. Kumsubirisha kwa ajili ya kipimo ni kosa.

Hospitali ya wilaya: kreatinini, sukari ya mshipani, potasiamu na picha kamili ya damu kwa sampuli moja ya kupokelewa, troponini kama ECG haikutosha, kisha GRACE. Zaidi ya 140 kwa mgonjwa ambaye ST haijainuka ni daraja la juu, na miongozo inashauri kufikiria mishipa yake iangaliwe ndani ya saa 24. Hapa ukilazimika kuchagua kati ya troponini ya pili na kreatinini ya pili, chagua kreatinini.

Hospitali ya rufaa ya mkoa yenye ICU: ongeza laktati kwa kila mwenye presha chini ya 100, ngozi ya baridi, mkojo kidogo au akili inayoyumba, na uirudie kila baada ya saa chache. Taasisi yenye katheta iongeze NT-proBNP kwa wale wenye GRACE ya kati na mapafu safi, maana hao ndio wanaoponyoka macho.

Kwa ndugu wa mgonjwa: ukiambiwa ulipie kipimo, una haki ya kuuliza kwa heshima, "Daktari, jibu likirudi baya, mtamfanyia mzee nini tofauti?" Kwa kreatinini kuna jibu: dozi, maji, rufaa. Kwa laktati lipo. Kwa troponini ya tatu mara nyingi halipo. Muulize pia figo zikoje na sukari ilikuwa ngapi alipofika, uandike mahali, kwa sababu hospitali mtakayopelekwa wataanza kwa kuuliza hayo hayo.

Na anayeandika barua ya rufaa, weka namba yenyewe, kipimio chake na saa damu ilipochukuliwa: "kreatinini 186 mikromoli kwa lita, saa 4:20 usiku, laktati 4.1, saa 4:30 usiku, vena." "Figo si nzuri" haimsaidii daktari wa zamu atakayempokea saa tisa usiku na kutaka kujua kama zimezidi kuharibika njiani.